Karatasi ya sukari isiachiwe kusema peke yake

Kunako mji wetu wa Bukavu, mtu mwenye ugonjwa wa sukari akienda kwa daktari anaweza kuombwa kipimo ambacho waganga wanakiita kwa Kifaransa emoglobini glike. Kwenye karatasi ya labo kinaandikwa HbA1c. Jibu lake ni namba moja yenye alama ya asilimia: 5,8 ao 6,4 ao 7,9. Kwa namba hiyo mtu anaambiwa ana sukari ao hana, dawa zinaongezwa ao zinapunguzwa, na nyumbani watu wanajua kama ni kushukuru Mungu ao kutafuta pesa.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya. Kipimo hicho ni kizuri na sitaki mtu yeyote akikimbie. Lakini katika inchi kama yetu, namba ile isiachiwe kuamua mambo peke yake. Mara nyingi inasomwa na antikori, na antikori inaona tu kile ilichofundishwa kuona. Tena inasomwa ndani ya damu, na damu ya Wakongo wengi ina mambo yake ambayo karatasi haiyataji. Mgonjwa ana haki ya kujua hayo, na labo ina wajibu wa kuyaandika. Nitaeleza sababu pole pole, kwa maana wengi wanalipia kipimo hiki na hakuna aliyewaeleza kinapima nini.

Sukari inayonata

Aliyekula muwa anajua: maji yake yakikauka kwenye vidole, vidole vinanata. Ndani ya mwili kuna jambo linalofanana na hilo. Sukari inayotembea katika damu inashika protini na kubaki imenata. Hakuna kiungo kinachoiamuru, inatokea yenyewe, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi na kukaa siku nyingi, ndivyo protini nyingi zinavyopata alama hiyo.

Protini moja inayoshikwa hivyo ni emoglobini, ile inayofanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Kwa kawaida chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi. Kwa hiyo ukihesabu emoglobini ngapi zimenatwa na sukari, unapata habari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Hapo ndipo uzuri wa kipimo ulipo. Mtu anaweza kujinyima chakula siku mbili mbele ya kuonana na daktari, glisemi ikashuka, daktari akampongeza. Emoglobini glike haidanganyiki na hila hiyo.

Mtu aliyegundua kwamba wagonjwa wa sukari wana emoglobini ya namna hiyo kwa wingi ni daktari wa Iran, Samuel Rahbar, akifanya kazi Teheran mwaka 1968. Ilichukua miaka mingi hadi kipimo kienee. Mwaka 2010 shirika la Marekani la ugonjwa wa sukari lilikubali kwamba 6,5 kwa mia na zaidi ni alama ya kuwa mtu ana ugonjwa, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, OMS, likafuata. Tangu hapo namba 6,5 imekuwa kama mpaka kati ya inchi mbili: huku mgonjwa, kule mzima.

Antikori ni shahidi, na shahidi anahojiwa

Sasa ni nani anayehesabu emoglobini zilizonatwa? Kuna njia kadhaa, na moja inayotumiwa sana, hata katika mashine ndogo za mezani, ni ya antikori.

Wengi wetu tumekwisha kutumia antikori bila kujua jina lake. Kile kipande cha TDR ambacho muuguzi anadondoshea tone la damu ya mtoto ili kuona kama ana malaria kina antikori ndani. Mstari unaojitokeza ni antikori imekamata protini ya mdudu wa malaria. Mwilini antikori ni askari wanaotambua adui. Katika labo watu wamejifunza kuzitengeneza kwa wingi, zote za sura moja, tangu kazi ya Georges Köhler na César Milstein kunako Cambridge mwaka 1975, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kutengeneza antikori inayotambua protini fulani ni kazi. Kutengeneza inayotambua protini hiyo hiyo pale tu ilipoguswa na kemia ni kazi ngumu zaidi. Protini ni ileile, ila imeongezewa kitu kidogo: hapa sukari, pale fosfati, pengine asetili. Ni kama kumwambia askari wa barabara kuu: katika watu elfu waliovaa shati moja, nikamatie wale tu waliopungukiwa na kifungo cha juu. Askari mzuri ataweza. Askari mvivu atakamata hata wenye vifungo vyote. Mwingine atamkosa mwenye kosa kwa sababu siku hiyo amevaa koti juu.

Wenye sayansi wenyewe wamekiri jambo hili. Mwaka 2011 watafiti walipima antikori zaidi ya 200 zinazouzwa kwa ajili ya kutambua mabadiliko ya kemia kwenye histoni, zile protini ambazo uzi wa ADN unazungushwa juu yake. Zaidi ya robo hazikufaulu: zilishika visivyotakiwa ao hazikutofautisha. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiwa pamoja na wenzao zaidi ya mia moja, waliandika katika jarida la Nature wakidai antikori za utafiti zitengenezwe na kutambulishwa kwa njia ambayo kila mtu anaweza kuihakikisha. Tusisahau: hao ni watu wenye labo kubwa na umeme usiokatika. Kama wao wanasema shahidi huyu ahojiwe, sisi wa Kadutu na Bagira tunaogopa nini kuuliza?

Ni kweli, antikori za hospitali zinachungwa zaidi kuliko zile za utafiti, na za emoglobini glike zimefanyiwa kazi miaka mingi. Lakini swali la msingi ni lilelile: ilipojaribiwa, ilijaribiwa juu ya damu ya nani?

Herufi ya sita

Hapa ndipo jambo linatugusa. Katika Kongo, AS na SS si maneno ya wanafunzi wa udaktari peke yao. Tunayasikia kanisani siku za maandalio ya ndoa, tunayasikia hopitalini watoto wakilia kwa maumivu ya mifupa. Katika uchunguzi wa watoto wachanga 31 204 ambao Profesa Léon Tshilolo na wenzake waliutangaza mwaka 2009, uliofanyika Kinshasa, watoto karibu 17 kwa 100 walikuwa AS, na zaidi ya mmoja kwa 100 alikuwa SS. Mtu wa AS anaishi maisha yake bila ugonjwa, na wengi wanafika uzeeni bila kujua kwamba wako AS.

AS na SS zinatoka wapi? Emoglobini inaandikwa kama neno refu lenye herufi nyingi. Kwenye ule mnyororo unaoitwa beta, herufi ya sita imebadilishwa: mahali pa asidi iitwayo glutamiki pamekaa valini. Na sukari ya HbA1c inanata wapi? Inanata kwenye mnyororo huohuo, juu ya herufi ya kwanza kabisa.

Msomaji ameanza kuona hatari. Antikori haishiki sukari peke yake, inashika sukari pamoja na herufi chache za mwanzo wa neno. Ikiwa mkono wake unafika hadi herufi ya sita, na herufi hiyo si ile aliyoizoea, inaweza kukosa ao kuhesabu vibaya. Baadhi ya mashine za zamani zilikuwa na kasoro hiyo kwa watu wa AS. Watengenezaji wengi wamerekebisha, na kuna mpango wa Marekani uitwao NGSP unaotoa orodha inayoonyesha kila mashine na kila aina ya emoglobini: hii inasumbuliwa, hii haisumbuliwi. Orodha hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tatizo letu ni kwamba karatasi ya labo mara nyingi haitaji jina la mashine, kwa hiyo mgonjwa na daktari wake hawajui waangalie mstari gani.

Kwa mtu wa SS hakuna hata haja ya mjadala. Yeye hana emoglobini A kabisa, na HbA1c ni emoglobini A iliyonatwa na sukari. Mashine ikimtolea namba ya HbA1c, hiyo si namba ya kutegemea.

Mashine inasema kweli, mgonjwa anadanganyika

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi, kwa sababu hata mashine bora haiwezi kulitengeneza. Nilisema kipimo kinategemea chembe nyekundu kuishi siku 120 hivi. Je, zikifa mapema? Sukari haitakuwa na wakati wa kunata vya kutosha. Namba itashuka, hata kama sukari ya mtu huyo iko juu kila siku. Antikori itakuwa imehesabu sawasawa. Kilichokosea ni maana tuliyoipa hesabu.

Na ni nini kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu? SS inayafupisha sana. Malaria inazipasua. Mtu aliyepoteza damu nyingi, ao mama aliyetoka kuzaa na kutokwa na damu, anatengeneza chembe mpya ambazo hazijakutana na sukari muda mrefu. Aliyeongezewa damu ana chembe za mtu mwingine ndani yake, kwa hiyo unapima sukari ya mtu aliyetoa damu pamoja na yake. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuvuta namba upande mwingine, ikapanda bila sukari kupanda. Ukiondoa wote hao, kunako vijiji vya bonde la Ruzizi na pembeni ya ziwa Tanganyika unabaki na wangapi?

Haya si mawazo ya mwandishi wa redio. Mwaka 2017 jarida la madaktari la JAMA lilitangaza uchunguzi juu ya Wamarekani weusi zaidi ya 4 600. Kwa kiwango kilekile cha glisemi, wenye AS walikuwa na HbA1c ya wastani 5,72, na wasio na AS 6,01. Tofauti ya karibu 0,3 inaonekana ndogo. Lakini weka mtu ambaye angekuwa na 6,6 kama angekuwa AA. Mpunguzie 0,3. Anapata 6,3, yuko upande wa wazima wa ule mpaka wa 6,5. Anarudi nyumbani akifurahi, na sukari inaendelea na kazi yake ndani ya macho, figo na miguu.

Mwaka huohuo uchunguzi mwingine mkubwa, wa watu karibu 160 000 wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba badiliko moja la gene ya G6PD, linalopatikana karibu kwa watu wa asili ya Afrika tu, linashusha HbA1c ya mwanaume aliye nalo kwa 0,8 hivi. Hiyo ni tofauti kubwa. Mtu wa 7,3 anasomeka 6,5. Mtu wa 7,0 anasomeka 6,2.

Hao ni ndugu zetu wa damu waliovushwa bahari. Kama kwao namba inateleza, nani atatuambia kwamba kwetu imesimama imara, huku malaria ikiwa juu yake?

Tulicho nacho mikononi

Wasomaji wengine watasema: mwandishi, unabomoa tu, unajenga nini? Nawajibu kwa habari ambayo Bukavu yenyewe ingepaswa kuijua na kujivunia.

Watafiti wa hapa Bukavu, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walifanya kazi juu ya kucha. Ndiyo, kucha za vidole. Kucha ni protini, na sukari inanata kwenye protini ya kucha kama inavyonata kwenye emoglobini. Kazi zao zilitangazwa mwaka 2014 na 2015 katika majarida ya kimataifa, na jina la Kivu Kusini liko kwenye kichwa cha mojawapo. Njia yao haihitaji antikori, inatumia dawa inayobadilisha rangi. Kucha haziozi, hazihitaji friji, unaweza kuziweka ndani ya bahasha na kuzituma kutoka kijijini hadi mjini. Na jambo linalonifurahisha zaidi: kucha haijali kama chembe zako nyekundu ni AA, AS ao SS, wala kama ulikuwa na malaria mwezi uliopita.

Sisemi kucha zimekwisha kuchukua nafasi ya damu. Kazi ya utafiti ina hatua zake. Nasema watu wetu walianza na swali letu: kipimo gani kinafaa mtu wa hapa, mwenye damu ya hapa, katika inchi yenye umeme wa hapa? Swali hilo ndilo linalokosekana tunaponunua mashine kwa sababu tu ni mpya ao kwa sababu mfadhili alizileta.

Wanaopinga

Daktari mmoja akisoma haya anaweza kukasirika. Atasema: tuna wagonjwa wengi na vifaa vichache, ukiwaambia watu kipimo kina kasoro, wataacha kupima na watakimbilia mizizi ya sokoni. Naelewa hofu yake. Lakini sidhani mgonjwa anaacha dawa kwa sababu ameelezwa ukweli. Anaacha pale anapoona karatasi inasema mzima na miguu inaungua usiku, halafu hakuna anayemweleza. Hapo ndipo imani inapokufa.

Mwingine atasema: basi turudi kwenye glisemi peke yake. Hapana. Glisemi ni picha ya dakika moja, leo iko hivi, kesho iko vingine. Ila glisemi ya asubuhi kabla ya kula, ikirudiwa, ina nguvu yake: 126 na zaidi kwa mara mbili ni ugonjwa, iwe HbA1c imesema nini. Tena haijali urefu wa maisha ya chembe. Na HbA1c nayo inabaki na faida hata kwa mtu wa AS, akijilinganisha na yeye mwenyewe, kwa mashine ileile: miezi mitatu iliyopita 8,1, leo 7,2, dawa inafanya kazi. Mashahidi wawili wasiofanana wanasaidia kuliko mmoja. Wakipingana, usimfukuze mmoja, tafuta kwa nini wanapingana.

Ninachoomba

Kwanza, kila labo inayotoa HbA1c iandike kwenye karatasi jina la mashine na njia inayotumia. Ni mstari mmoja wa wino.

Pili, mtu anayepimwa HbA1c kwa mara ya kwanza aulizwe mambo manne: uko AA, AS ao SS? Umeongezewa damu ao kupoteza damu miezi hii mitatu? Una anemi? Umeugua malaria kali karibuni? Asiyejua aina ya emoglobini yake apimwe mara moja. Aina hiyo haibadiliki maisha yote, kwa hiyo ni gharama ya siku moja.

Tatu, HbA1c isitangaze mtu kuwa mzima bila glisemi ya asubuhi kando yake. Zikipingana, daktari aangalie damu mbele ya kubadilisha dawa. Pale inapowezekana, kuna pia kipimo cha fruktozamini, kinachosoma sukari iliyonata kwenye protini za maji ya damu na kuonyesha majuma mawili matatu. Hicho hakipiti kwenye chembe nyekundu.

Nne, viongozi wa zoni za afya, mitueli za afya na wafadhili, mbele ya kununua mashine, wauleteni mezani ule ukurasa unaosema ilijaribiwa kwa emoglobini gani. Mwuzaji asiyeweza kuuonyesha arudi na mashine yake. Na sehemu ya pesa hiyo iende kwa watafiti wetu, ili kazi ya kucha na nyingine kama hiyo isibaki kwenye majarida ambayo hakuna mama wa Uvira atakayeyasoma.

Kwako wewe mgonjwa, tafadhali usiache dawa kwa sababu ya makala hii, na usiongeze pia. Chukua karatasi yako ya mwisho, iangalie, na siku ya kuonana na daktari muulize kwa heshima: daktari, kipimo hiki kimesomwa na mashine gani, na kinafaa damu yangu? Daktari mzuri hatakasirika. Na kama hana jibu leo, atalitafuta, kwa sababu wewe si wa mwisho kumwuliza.